Kumsemesha Mtoto Kabla ya Kumsemea: Somo Fupi la Mnyambuliko

Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika hufundishwa mapema kwamba kiambishi kidogo baada ya mzizi hubadili uhusiano wa watu ndani ya sentensi. Nitalionyesha jambo hilo kwa kitenzi -sema, kwa mfano unaotoka Marekani.

Kappa Alpha Theta ni umoja wa wanafunzi wa kike ulioanzishwa mwaka 1870 huko Greencastle, Indiana. Tangu mwaka 1989 unachangia mpango uitwao CASA: matawi yake vyuoni huuza vyakula, huandaa michezo na kukusanya michango. Mpango huo ulianza Seattle mwaka 1977, hakimu David Soukup alipoona kwamba anaamua maisha ya watoto bila habari za kutosha juu yao. Ni watoto walioteswa au kutelekezwa. Wengi huondolewa kwao na kuwekwa kwa muda katika familia nyingine, ile ambayo Kifaransa huita «famille d'accueil». Fedha husaidia kuwafundisha watu wa kujitolea ambao mahakama huwapa kazi ya kumtembelea mtoto na kumweleza hakimu hali yake.

Kazi hiyo tuiiteje kwa Kiswahili? Mimi nilifikiria kwanza *kumsemea mtoto*. Ni kauli ya kutendea: -sem-e-a, kusema kwa niaba yake. Lakini umbo hilohilo lina maana ya kuchongea. Anayetisha «nitakusemea kwa mwalimu» hamtetei mtu! Kiambishi -e- kinaonyesha tu kwamba maneno yanamhusu mwingine; kama ni kwa faida au kwa hasara yake, muktadha ndio unaoamua. Tena, katika «Mtoto alisemewa mahakamani», mtoto ndiye kiima, ila hakufungua kinywa.

Tutazame sasa kauli ya kutendesha: -sem-esh-a. Kumsemesha mtoto ni kuanzisha mazungumzo naye ili naye aseme. Hapa maneno yanatoka kwake.

Kwa maoni yangu, mtetezi mwema hufuata mpangilio huu: kusemesha kwanza, kusemea baadaye. Na hata hapo yapo mambo mawili ya kutenganisha. Mtetezi wa CASA hupendekeza anachoona ni bora kwa mtoto, na pengine mtoto anataka kingine, kwa mfano kurudi kwa mama yake. «Mtoto amesema» na «mimi naona» zisichanganywe katika sentensi moja.

Jambo hili linatugusa. Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 iliweka mahakama za watoto katika nchi yetu. Mtoto wa Lubumbashi au Bukavu anaweza kujieleza kwa Kiswahili, na maneno yake yakaandikwa kwa Kifaransa. Anayetafsiri katikati, pengine mmoja wetu kesho, ndiye atakayeamua kama hakimu atasikia sauti ya mtoto au ya aliyemsemea.

Zoezi: tafuta katika lugha ya kwenu maumbo yanayolingana na *kusemea* na *kusemesha*. Je, lile la kwanza nalo linabeba maana ya kuchongea?