Dondoo muhimu: bati la pwani kabla ya masika
Februari, jua likiwa bado kali, ndio mwezi wa kukagua paa. Masika ya Machi yakishaanza, fundi hupatikana kwa bei anayoitaka yeye.

Panda saa mbili asubuhi, umande ukishakauka. Saa sita bati linachoma nyayo. Kanyaga penye mstari wa misumari tu, maana chini yake ndipo papi ilipo. Ukikanyaga katikati utabonyeza bati na kujitengenezea dimbwi.

Anza na misumari. Kile kimpira chini ya kichwa cha msumari hukaushwa na jua mpaka kikapasuka kama kisigino cha kiangazi, na maji hupita hapo hapo. Msumari uliolegea usiugongelee tena kwenye tundu lile lile. Ung'oe, weka skrubu nene zaidi yenye kimpira kipya.

Kisha chungulia upande wa chini wa bati, pale linapotokeza nje ya ukuta. Wengi hawapaangalii. Upepo wa bahari huacha chumvi na mvua haifiki kuiosha, kwa hiyo kutu huanzia chini huku juu kunang'aa. Suuza kwa maji baridi (ya kisima chenye chumvi hapana!). Palipoota kutu, sugua kwa brashi ya waya, upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Mfereji: zoa majani ya mwembe. Na waya wa shaba usilale juu ya bati. Shaba na zinki ya bati haviivi chungu kimoja.