Nzi wa maembe: kuongeza dawa hakusaidii

Baba anapulizia dawa mwembe wa lupango kila juma, lakini maembe yamejaa funza. Kwa nini?

Nzi jike anataga mayai chini ya ganda. Dawa haiwafikii funza ndani. Tena, dawa ileile ikitumiwa daima, nzi dhaifu wanakufa, wenye kuistahimili wanabaki na kuzaa. Nzi huyu wa Asia alionekana Kenya mwaka 2003, akaenea hata kwetu Kongo.

Usizidishe dawa: nzi atapona, mtoto atakayekula embe ataumia. Fanya hivi:

1. Okota kila siku maembe yaliyoanguka.
2. Yafukie shimoni, nusu meta chini.
3. Kopo la dawa lisitiwe maji ya kunywa kamwe.

Lupango safi, watoto wazima.