Shoka Lenye Mapengo

Mikoa ya Iringa na Mbeya huwa na baridi kali katika miezi ya Juni na Julai. Wakati huo nyumba nyingi huhitaji kuni za kupikia na za kuota moto, na shoka halipumziki. Huenda umewahi kuona shoka ambalo makali yake yana mapengo. Katika somo hili utajifunza sababu za mapengo hayo na namna ya kuyaondoa.

Shoka ni kabari

Kabari ni mashine rahisi. Upande wake mmoja ni mnene na upande wa pili ni mwembamba. Upigapo gogo, nguvu ya pigo hukusanyika katika ukingo mwembamba, nazo nyuzi za mti huachana.

Jaribio

Chukua kipande cha sabuni ya mche, uzi na penseli. Kaza uzi kwa mikono miwili, kisha ukandamize juu ya sabuni. Halafu laza penseli juu ya sabuni na uikandamize. Kipi kimepenya kwa urahisi?

Makali mazuri ni kama uzi. Makali butu ni kama penseli. Shoka butu huteleza juu ya mti, nalo huweza kumjeruhi mchanja kuni mguuni.

Kwa nini makali huharibika?

Makali ya shoka ni ya feleji, yaani chuma kigumu. Mhunzi huipasha moto mpaka iwe nyekundu, huitumbukiza majini ghafla, kisha huipasha tena kidogo. Feleji ngumu mno humeguka. Feleji laini mno hujikunja. Wakinga wa Makete, wilaya iliyokuwa katika Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012 na sasa imo katika Mkoa wa Njombe, walisifika tangu zamani kwa ufundi wa chuma.

Mapengo hutokea shoka linapogonga jiwe, msumari au fundo gumu. Misindano, kama ile ya shamba la Sao Hill wilayani Mufindi, ina mafundo mahali matawi yalipoota.

Watu wengine hutia shoka motoni ili kuunguza kipande cha mpini kilichokwama katika tundu. Hilo ni kosa. Moto huondoa ugumu wa feleji, na makali hujikunja siku ya kwanza ya kazi. Kipande hicho kitolewe kwa nyundo na patasi.

Kurekebisha makali

Kazi hii ifanywe na mtu mzima. Wewe tazama na ujifunze.

1. Elekeza makali kwenye mwanga. Mahali palipo butu au penye pengo hung'aa. Usipime kwa kidole.
2. Kaza shoka lisicheze. Lipige tupa pande zote mbili kwa usawa, kwa kufuata mteremko wake wa awali.
3. Pengo dogo liondolewe lote. Pengo kubwa lipunguzwe kidogo kila mara unoapo, kwa sababu feleji iliyokwisha kuondolewa hairudi.
4. Malizia kwa kinoo na maji, mpaka ukingo uwe laini.
5. Ikiwa jiwe la mashine linatumika, shoka lichovywe majini mara kwa mara. Feleji ikigeuka rangi ya buluu, imepata joto kupita kiasi na ugumu wake umepungua.

Kutunza shoka

Chanja kuni juu ya gogo, wala si juu ya ardhi yenye mawe. Baada ya kazi, futa maji, paka mafuta kidogo kuzuia kutu, na uliweke mbali na watoto wadogo.

Maswali

1. Kwa nini makali membamba hupasua mti kwa urahisi?
2. Makali ya shoka la jirani yamejikunja, hayakumeguka. Eleza jambo linaloweza kuwa limesababisha hali hiyo.
3. Kwa nini haifai kuondoa pengo kubwa kwa siku moja?
4. Chunguza shoka la nyumbani ukiwa na mzazi wako. Chora makali yake, na uoneshe mapengo yaliyopo.