Fedha ya Mbolea Hupotelea Wapi?

Mavuno yakishaingia ghalani, mkulima huazimia kununua mbolea ya msimu ujao. Mvua zinapokaribia, fedha ile imekwisha: ada ya shule, ugonjwa, msiba, harusi. Mara nyingi viongozi huliita jambo hili uzembe au ukosefu wa elimu, na dawa yake huwa semina nyingine.

Sayansi ya ubongo inaeleza vingine. Mwaka 2004 Samuel McClure na wenzake waliwalaza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ndani ya mashine ya MRI, wakawapa uchaguzi: malipo madogo leo, au makubwa zaidi baada ya majuma kadhaa. Malipo ya leo yalipokuwapo, sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na hamu zilichangamka zaidi. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ilifanya kazi katika kila uchaguzi. Mwaka 2007 Joseph Kable na Paul Glimcher walipinga kwamba ubongo una mifumo miwili inayoshindana. Hata hivyo, kwamba kilicho karibu huonekana kizito kuliko cha mbali, hilo halikubishaniwa. Na ikumbukwe kwamba waliopimwa walikuwa wasomi, wala si watu wasiojua hesabu.

Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliuchunguza udhaifu huo shambani. Karibu wakulima wote walisema wangetumia mbolea msimu uliofuata. Waliotimiza hawakufika nusu. Ndipo baadhi yao wakatembelewa mara tu baada ya mavuno, wakauziwa mbolea kwa bei ya kawaida, nafuu pekee ikiwa kufikishiwa nyumbani bila malipo. Matumizi yaliongezeka kwa kiwango kinacholingana na kupunguza bei kwa asilimia 50 baadaye katika msimu. Nafuu hiyohiyo ya kufikishiwa mbolea, ilipotolewa baadaye katika msimu, haikuwa na nguvu ile.

Jambo hili linagusa kalenda ya kata, na si kwa mbolea tu. Mchango wa bima ya afya nao ni vivyo hivyo. Mkutano wa kuhamasisha ununuzi ukiitishwa mvua zimeshaanza, wananchi hukubali kwa kauli moja na kurudi nyumbani mikono mitupu. Ukiitishwa juma la mavuno, wakala wa pembejeo akiwapo na stakabadhi zake, fedha bado imo mfukoni.