Motokaa Kuukuu na Oili Iifaayo

Wako watu wengi katika nchi hii ambao riziki yao hutegemea motokaa kuukuu. Mmoja hupakia kabichi na viazi kutoka Kinangop hadi sokoni. Mwingine huchukua maziwa alfajiri. Wa tatu huwapeleka watoto wa majirani shuleni. Injini ya motokaa kama hiyo ikiharibika, hasara haiishii gereji, bali huingia hata nyumbani: mazao huoza shambani na karo hukosekana. Na katika sababu zote ziuazo injini za zamani, iliyo rahisi sana kuepukwa ni hii: oili isiyofaa, au oili nzuri iliyoachwa ndani mpaka ikawa matope.

Somo letu la juma hili ni juu ya mambo mawili: jinsi ya kuchagua oili, na wakati wa kuibadilisha. Tutachukua mfano wa Peugeot 504 ya petroli. Motokaa hiyo ilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1968, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978, na pikapu zake wengi wetu twazijua sana. Mambo tutakayoyaeleza yazifaa pia motokaa nyingine za petroli za umri huo, zitumiazo kabureta.

KAZI YA OILI

Watu husema kwamba oili hulainisha injini, na ndivyo ilivyo, lakini hiyo si kazi yake yote. Oili huzuia chuma kisisuguane na chuma. Tena hupoza pistoni na beringi mahali ambapo maji ya redieta hayafiki. Hubeba masizi na chembe za chuma hadi kwenye filta, na huzuia kutu na asidi isile chuma. Kwa hiyo mtu asishangae akiona oili imegeuka nyeusi baada ya safari chache. Hiyo ni dalili kwamba inachukua uchafu. Ubaya ni kuiacha ibebe uchafu kupita uwezo wake.

KUSOMA MAANDISHI YA MKEBE

Juu ya mkebe wa oili pana alama mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzitazama kabla ya kutoa fedha yake.

Alama ya kwanza ni ya unene, kwa mfano SAE 20W-50. SAE ni jina la chama cha wahandisi kilichoanzishwa Marekani mwaka wa 1905. Tarakimu iliyo pamoja na W huonyesha jinsi oili inavyotembea wakati wa baridi, na tarakimu ya mwisho huonyesha unene wake ikiwa moto wa digrii 100 za Sentigredi. Oili ya 20W hupimwa katika baridi ya digrii 15 chini ya sifuri. Hata alfajiri ya Limuru au ya Nyahururu haifikii baridi hiyo. Basi hakuna haja ya mwenye pikapu kulipa fedha nyingi kwa oili ya 0W au 5W, iliyokusudiwa nchi za theluji. Tena oili nyepesi kama 0W-20 ilitengenezwa kwa ajili ya injini mpya, ambazo nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo mno. Katika injini iliyokwisha kulika, oili hiyo hupita upesi penye beringi, na nguvu ya msukumo wake hupungua. Peugeot ya mfano wetu yafaa kutiwa 20W-50, au 15W-40 ikiwa injini bado ni nzima na hailambi oili.

Alama ya pili ni ya daraja, nayo huandikwa baada ya herufi API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Daraja ikianza kwa S, oili hiyo ni ya injini za petroli; ikianza kwa C, ni ya injini za dizeli; na mikebe mingine huwa na zote mbili. Herufi inayofuata S huonyesha umri wa daraja: SA ni ya zamani kabisa, na SP ilitoka mwaka wa 2020. Jihadhari na mkebe wa bei ya chini ulioandikwa SA au SB, maana SA haikutiwa dawa ya kulinda chuma, na zote mbili hazifai hata kwa injini za miaka ya 1960. Chagua SL au iliyo mpya kuliko hiyo.

Huenda msomaji amesikia kwamba oili za siku hizi huziua injini za zamani. Maneno hayo yana ukweli kidogo. Katika 504 kamshafti na tapeti husuguana kwa nguvu nyingi, na kinga yake ni zinki na fosforasi zilizomo katika oili. Daraja la SM lilipotoka mwaka wa 2004, kiasi cha fosforasi kilipunguzwa ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi vilivyo katika motokaa mpya. Lakini sharti hilo liliwekewa oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, wala halikuwekewa 20W-50. Basi mwenye kuchagua unene unaofaa atakuwa amejiepusha pia na hatari hiyo.

Mwisho, nunua kwa mwuzaji anayejulikana, tazama kwamba kifuniko hakijapata kufunguliwa, na utafute alama ya ubora ya KEBS. Oili chafu iliyochujwa na kutiwa katika mkebe mzuri haigeuki kuwa mpya.

HILA ISIYOFAA

Injini inapoanza kugonga au kutoa moshi wa buluu, wako watu wanaoshauri itiwe oili nzito sana, hata ile ya giaboksi, ili kelele inyamaze. Ni kweli kelele yaweza kunyamaza kwa siku chache, na mtu mwenye nia ya kuuza motokaa aweza kufurahi. Lakini oili nzito huchelewa kufika juu penye valvu asubuhi, na katika dakika hizo za kwanza chuma husuguana kikavu. Hila hiyo haiponyi ugonjwa, bali huuficha mpaka uwe mkubwa.

WAKATI WA KUBADILISHA

Kitabu cha mtengenezaji kikiwapo, kifuatwe. Kisipokuwapo, badilisha oili na filta kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Motokaa inayopita kila siku katika barabara za vumbi, au inayobeba mizigo mizito milimani, au inayofanya safari fupi fupi tu, ibadilishwe kila kilomita 3,000.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini motokaa mpya huenda kilomita 10,000 au zaidi? Jibu ni kwamba kabureta haipimi petroli kwa uangalifu kama mitambo ya leo. Petroli iliyozidi huteremka kando ya pistoni na kuipunguza oili unene. Tena katika safari fupi injini haipati moto wa kutosha, kwa hiyo maji yatokanayo na kuungua kwa petroli hubaki ndani, yakachanganyika na masizi kuwa tope. Ndiyo sababu ya kuhesabu miezi pamoja na kilomita.

Ukinunua motokaa ambayo habari zake huzijui, badilisha oili na filta mara moja, kisha uzibadilishe tena baada ya kilomita 1,000. Oili mpya hulegeza uchafu uliogandamana kwa miaka mingi, na yafaa uchafu huo utolewe mapema.

KAZI YENYEWE NA UANGALIZI WA KILA JUMA

Iwashe injini mpaka oili ipate joto, kisha uizime, ufungue nati iliyo chini ya sampu na kuiacha oili imwagike yote. Uwe mwangalifu usiungue mikono. Weka filta mpya, ukiwa umeupaka mpira wake oili kidogo. Injini ya 504 hutumia oili ya lita 4 hivi. Tia kidogo kidogo na kupima. Isipite alama ya juu, kwa sababu oili iliyozidi hupigwa na krenkishafti ikawa povu, na povu halilindi chuma.

Kila juma, asubuhi kabla ya kuwasha, simamisha motokaa mahali palipo sawa na utazame kijiti cha kupimia. Ukiona oili ni nyeupe kama maziwa, huenda maji yameingia, mwite fundi. Taa ya oili ikiwaka ukiwa njiani, zima injini papo hapo, wala usijaribu kufika gereji iliyo karibu. Lakini usiitegemee taa kuwa mlinzi, kwa sababu huwaka wakati msukumo umekwisha kupungua mno.

Oili iliyotumika isimwagwe ardhini wala mtoni, na isipakwe mikononi, kwa kuwa ina sumu iwezayo kuleta saratani. Itie katika debe lenye kifuniko na kuipeleka gereji inayokusanya oili chafu.

Weka daftari ndani ya motokaa, uandike tarehe, kilomita na aina ya oili kila unapobadilisha. Lita 4 za oili na filta moja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kusaga krenkishafti na kununua pistoni mpya, achilia mbali siku zitakazopita pikapu ikiwa juu ya mawe na kabichi zikioza shambani. Wazee walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye motokaa kuukuu na autazame ufa wake kila juma, kwenye kijiti cha kupimia oili.