Dhana za "Huria" na "Ubia" katika Majadiliano ya Biashara: Mtazamo kutoka Tinde

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi mbili zinazotawala mjadala wa biashara baina ya mataifa, yaani "huria" na "ubia", na jinsi zinavyoficha tofauti ya nguvu kati ya wanaojadiliana. Mfano wetu ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Hoja zitapimwa kwa kuitazama Tinde, mji mdogo wa Mkoa wa Shinyanga ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika: mkono mmoja huelekea Shinyanga na Mwanza, mwingine Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo.

2.0 Istilahi na maana zake

Neno "huria", lenye asili ya Kiarabu, hudokeza hali ya kutofungwa. Katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mlango umefunguliwa kwa mtu. Katika "biashara huria" mlango hufunguliwa kwa bidhaa. Mtu huweza kubaki nje. "Ubia" nao, katika matumizi ya kawaida, ni wa watu waliochanga mtaji na ambao hugawana faida na hasara. Mkataba tunaoujadili hauna mtaji wa pamoja wala hasara ya pamoja. Kiini chake ni pande mbili kufunguliana masoko.

3.0 Mwenendo wa majadiliano

Mkataba wa Lomé wa 1975 uliziwezesha nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki kuuza bidhaa zao nyingi Ulaya bila ushuru, pasipo kutakiwa kufungua masoko yao kwa kiwango hichohicho. Mkataba wa Cotonou wa 2000 ulikubali utaratibu huo ubadilishwe ili ulingane na kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Majadiliano yalianza 2002, na matini ya Afrika Mashariki yakakamilishwa Oktoba 2014. Jumuiya ilitakiwa kuondoa ushuru, hatua kwa hatua kwa miaka 25, katika asilimia 82.6 ya bidhaa zitokazo Ulaya.

Wanachama hawakuwa na hali moja. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikihesabiwa miongoni mwa nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, zilikwisha kuwa na mpango ulioanza 2001 wa kuuza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Kenya haikuwamo, Oktoba 2014 baadhi ya mauzo yake, yakiwamo maua, yalianza kutozwa ushuru. Haishangazi, basi, kwamba Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016, ilhali Tanzania ilikataa Julai mwaka huohuo, na Bunge lake likaukataa mkataba huo Novemba.

4.0 Maana yake kwa Tinde

Kwanza, tangu 2005 Jumuiya ina umoja wa forodha wenye ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Mwanachama mmoja akifungua soko peke yake, bidhaa hizo huweza kupenya kwa jirani. Lori lipitalo Tinde kwenda Rusumo litahitaji kuthibitisha asili ya shehena yake, na umoja wa forodha utapungukiwa na maana.

Pili, mkataba uliwekea masharti ushuru mpya wa mauzo ya nje. Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama. Hatusemi kwamba mkataba ungeizuia hatua hiyo. Tunasema kwamba nchi inayouza mali ghafi huhitaji kubakiza nafasi ya kuamua.

Tatu ni pamba. Ruzuku ambazo nchi tajiri huwapa wakulima wao, zilizolalamikiwa na Benin, Burkina Faso, Mali na Chad mwaka 2003, hushusha bei katika soko la dunia. Mkutano wa Nairobi wa Desemba 2015 uliamua ruzuku za mauzo ya nje ziondolewe, lakini suala la ruzuku za ndani lilibaki bila ufumbuzi. Hivyo, linalomwumiza mkulima wa Shinyanga lilikuwa nje ya "ubia" huu.

5.0 Hitimisho

Husemwa kwamba umoja ni nguvu. Methali hiyo haisemi umoja wa wenye hali gani. Februari 2021 Jumuiya iliruhusu wanachama walio tayari waendelee, na mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ukaanza kutumika Julai 2024. Tanzania iliweza kukataa kwa sababu ilikuwa na njia nyingine ya kuingia soko la Ulaya. Njia hiyo, hata hivyo, ni hisani ya upande mmoja, nayo hukoma nchi inapoondoka katika kundi hilo, baada ya kipindi cha mpito. Kukataa kumenunua muda tu. Swali ni muda huo unatumiwa kujenga viwanda gani vya pamba na madini.

Wajibu wa wanaisimu ni mdogo lakini si wa kupuuzwa. Pendekezo letu ni kwamba "ubia" katika muktadha huu uitwe "makubaliano ya kufunguliana masoko". Msomaji atakayekutana na jina hilo atauliza mara moja: nani anafungua nini, na kwa nani?