Zimwi la Saa Sita Usiku: Somo kwa Wanaouguza

Safari hii naleta riwaya ya vijana, wala si kitabu cha dini. Inaitwa A Monster Calls, ya Patrick Ness, iliyotoka mwaka 2011. Wazo lake lilikuwa la Siobhan Dowd, mwandishi aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla ya kuiandika.

Conor ana miaka 13. Anaishi Uingereza na mama yake, ambaye anaugua na matibabu hayamsaidii. Saa sita na dakika saba usiku, mti mkubwa ulioko makaburini karibu na nyumbani kwao unageuka zimwi na kumjia. Zimwi linasimulia hadithi tatu, kisha linamtaka Conor aseme ya nne: ukweli wa ndoto inayomtesa. Ndotoni amemshika mama yake mikono kwenye ukingo wa genge, naye anaanguka. Ukweli anaouogopa ni kwamba alimwachia, kwa kuwa alichoka na maumivu akataka yaishe.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Bibi yangu aliugua miezi mingi, na nikiwa likizo zamu ya usiku ilikuwa yangu: kumgeuza, kubadilisha shuka, kumpa uji kwa kijiko. Usiku mmoja nilijikuta nikitamani iishe tu. Siku iliyofuata niliongoza rozari kwenye jumuiya, wakanisifu kwa moyo wa huduma. Bibi alifariki nikiwa nimesharudi seminarini, nami nikaamini kwamba nilimwombea kifo.

Baada ya kusoma nilimwendea padre mlezi wangu. Aliuliza, "Frateri, usiku ule ulimnyima uji?" Hapana. "Uliacha kumgeuza?" Hapana. Akanyamaza kidogo, akasema niungame kama dhamiri inanisumbua, ila nijue ninachoungama.

Hapa tuwe waangalifu. Katika Misa tunakiri kwamba tunakosa pia kwa mawazo. Lakini wazo linalomjia mtu aliyechoka si sawa na wazo analolikubali kwa hiari yake. Kutamani mateso ya mgonjwa yaishe si kutaka auawe. Katekisimu (namba 2278 na 2279) inaruhusu kuacha tiba zilizo mzigo mzito usiolingana na manufaa yanayotarajiwa, lakini huduma za kawaida anazostahili mgonjwa haziachwi hata kifo kikikaribia. Uji na shuka vimo humo. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, nasi tunaisali katika Sala ya Usiku kila Ijumaa.

Riwaya yenyewe haina sala, na hadithi ya pili inamchora vibaya mchungaji wa kanisa: anawakataza waumini wasiende kwa mtengeneza dawa, kisha mabinti zake wanapougua anamkimbilia mtu huyo huyo, akiwa tayari kuacha yote aliyoyaamini. Mafrateri, msiruke kurasa hizo kwa kuudhika. Mimi ziliniuma kuliko mahubiri mengi.

Siku hizi nikimsindikiza padre kupeleka Komunyo kwa wagonjwa, wakati yeye yuko ndani akimwungamisha mgonjwa, mimi hubaki uani na anayemuuguza. Mara nyingi ni binti au mjukuu. Simhubirii. Namuuliza jana amelala saa ngapi.